Oganiki ya kwanza chuo: mishale, SN1, SN2... naanzia wapi?

Mwana_Kibirizi
Wakuu, habari za jioni. Niko likizo Kigoma, nikirudi chuo tunaanza oganiki (kemia ya kaboni). Advansi ilikuwa kukariri tu: hiki weka hiki, pata kile. Nimepewa notsi za waliotangulia, kila ukurasa mishale iliyopinda. Mfano, 2-bromobutani na NaOH: ukurasa mmoja unatoa alkoholi, mwingine unatoa alkeni. Upi sahihi? Na modeli za kununua sina.

Jozi_Huru
Mdogo wangu, SN1 na SN2 (njia mbili za kundi moja kuchukua nafasi ya lingine) ziache kwanza, shika mishale. Mshale unatoka penye elektroni kwenda zinakohitajika. Mkia wake unakaa kwenye jozi huru (elektroni mbili zisizo kwenye bondi) au kwenye bondi, basi. Mtu akichora mshale unaotoka H⁺ kwenda O, maksi zimeondoka, maana H⁺ haina elektroni hata moja ya kutoa. Pia kaboni yenye bondi nne ikipokea ya tano, bondi mojawapo lazima ivunjike hatua hiyo hiyo. Kila ukimaliza mstari, jumlisha chaji kushoto na kulia, zisipolingana, umekosea.

Zoezi zuri unalo hapo hapo Kigoma: mawese yakigeuka sabuni. OH⁻ inashambulia kaboni ya C=O, elektroni za bondi ya pili zinapanda kwenye O. Kisha zinashuka kurudisha C=O, na kipande cha gliseroli kinafukuzwa kikiwa RO⁻. Wengi wanaishia hapo. Hatua ya mwisho ndiyo yenye uzito: RO⁻ inanyang'anya H ya asidi ya mafuta. pKa (kipimo cha ukali wa asidi, ndogo ndiyo kali) ya asidi hiyo ni karibu 5, ya gliseroli karibu 14. Tofauti ya 9 ni mara bilioni, kwa hiyo mmenyuko haurudi nyuma. Ndiyo maana pia NaOH hapa si kichocheo, inaliwa: gramu 10 za mawese zinakula kama gramu 1.4 za NaOH. Chora yote hayo bila kutazama notsi. Ukiweza, umeshapata nusu ya kozi.

Nyuma_ya_Bromini
Kuhusu swali lako, kurasa zote mbili zina ukweli, ila aliyeandika kaacha kiyeyushi na joto.

Jiulize kwanza: kaboni iliyobeba Br imeshikana na kaboni nyingine ngapi? Moja, fikiria SN2 (kinachoingia kinapiga kutoka nyuma huku Br ikiondoka), isipokuwa besi ikiwa nene kama tert-butoksaidi. Tatu, SN2 sahau, njia ya nyuma imezibwa. Besi kali inakupa E2 (besi inang'oa H huku Br ikitoka, inabaki alkeni), maji au ethanoli bila besi kali inakupa SN1 (Br inatoka kwanza, kisha kingine kinaingia) na E1 kidogo (Br inatoka kwanza, kisha H). Mbili, kama hiyo yako, ndipo vita ilipo. NaOH ndani ya ethanoli ya moto: E2 inatawala, unapata CH₃CH=CHCH₃ kwa wingi (trans kuliko cis) na CH₂=CHCH₂CH₃ kidogo. Ukiweka maji mengi na kupunguza joto, alkoholi inaongezeka. NaI ndani ya asetoni: SN2 safi.

Hiyo ya NaI mtaikuta maabara. NaI inayeyuka kwenye asetoni, NaBr haiyeyuki, kwa hiyo mashapo meupe ndiyo jibu. 1-bromobutani inatoa mashapo ndani ya dakika chache bila moto. 2-bromobutani inataka testi tyubu ikae ndani ya maji ya nyuzi 50 hivi. Usizidishe, asetoni inachemka nyuzi 56, na moto wa wazi usiwe karibu. Ndani ya testi tyubu kukiwa na maji, NaBr inayeyuka humo na utaandika "hakuna mmenyuko" bure.

Asali_ya_Tabora
Modeli usinunue. Finyanga donge la udongo, ndiyo kaboni yenye Br ya 2-bromobutani, chomeka njiti nne: tatu zikae kama mafiga, ya nne isimame juu. Pembe zote ziwe karibu nyuzi 109.5. Ncha ziwekee rangi: Br, C₂H₅, CH₃, H, huo ndio mpangilio wa kipaumbele. H ielekeze mbali na jicho, fuata Br→C₂H₅→CH₃. Ukizunguka kama saa ni R, kinyume ni S (majina ya maumbo mawili yanayoakisiana kama kwenye kioo). Sasa toa Br, leta OH kutokea upande wa pili, zile tatu zigeuke kama mwavuli uliopigwa na upepo. R imekuwa S. Angalizo: kinachoingia kikiwa na kipaumbele kidogo kuliko vilivyopo, herufi inaweza kubaki ile ile ingawa umbo limegeuka.

Mwana_Kibirizi
Asanteni sana wakuu. Na mtihani ukiandika "NaOH, joto" bila kiyeyushi?

Nyuma_ya_Bromini
Kwa kaboni ya aina hiyo jibu E2, chora mshale toka OH⁻ kwenda kwenye H ya kaboni jirani, na uandike "nimechukulia kiyeyushi ni ethanoli". Dhana uliyoitaja inamwonyesha msahihishaji ulivyofikiri.