Meno ya mwanangu yameota yakiwa na mabaka ya kahawia, nifanyeje?

MamaIddi, Mtwara
Habari za jioni wapendwa. Kijana wangu Iddi ana miaka tisa, anasoma hapa Mtwara Mjini. Kazaliwa Maji ya Chai, Arumeru, baba yake akifanya kazi shamba la maua. Mwaka jana tumerudi huku kwao. Meno yake ya utoto yalikuwa meupe kabisa. Haya ya ukubwani ndiyo yameota na mabaka ya kahawia, hasa mawili ya mbele juu. Ukipitisha kucha unasikia vishimo vidogo. Kule hakuna aliyemshangaa, wenzake wengi walikuwa hivyohivyo. Hapa wanamwambia hapigi mswaki, na siku hizi akicheka anaziba mdomo kwa mkono. Jirani kaniletea mkaa uliotwangwa na ndimu nimsugulie asubuhi na jioni. Bado sijamgusa nao. Na mdogo wake wa miaka miwili na nusu, mbona yake ni meupe? Nimhofie naye?

Mwl_Tandahimba
Mama Iddi, pole sana. Mimi ni mzaliwa wa Ngarenanyuki, nafundisha Tandahimba, na meno yangu ni kama ya mwanao. Tafadhali, mkaa na ndimu usimpake. Ndimu ina asidi, inalainisha gamba la jino, kisha mkaa unalikwangua, na gamba likiisha halioti tena. Rangi yenyewe wala haipo juujuu. Iliingia jino likiwa bado linajijenga ndani ya fizi.

Chanzo ni floraidi, aina ya madini yanayoyeyuka kwenye maji. Maji ya kuzunguka Mlima Meru yanapita kwenye miamba ya volkano, yanatoka na floraidi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita ambazo Shirika la Afya Duniani limeweka kuwa kikomo. Wizara ya Maji ina kituo cha utafiti pale Ngurdoto, wanaichuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kuchemsha hakuiondoi: maji yanapungua, floraidi inabaki ileile. Hata magadi tuliyopikia makande yana floraidi.

Kuhusu wanaomcheka, kamwone mwalimu wake wa darasa. Mimi nikipewa darasa jipya, siku ya kwanza nawaonyesha wanafunzi meno yangu na kuwaeleza maji niliyokunywa utotoni. Wanauliza maswali yao yote, basi, tunaendelea na hesabu. Mtoto asiachiwe mzigo huo peke yake, mama.

TabibuMeno_Lindi
Mwalimu kasema vizuri. Dada, sijamwona mtoto, ila ulivyoeleza inaelekea ni floraidi. Huwa inashika meno pacha, kushoto na kulia. Ingekuwa jino moja tu limegeuka kijivu, ningekuuliza kama aliwahi kuanguka kwenye mkorosho, maana jino likipigwa linaweza kufa ndani. Ukoga na madoa ya chai, tumbaku au dawa ya maji ya kuongeza damu hukaa juu, tunayakwangua yanatoka.

Kwa Iddi, mabaka mepesi tunaweza kuyapunguza kwa kusugua tabaka jembamba sana kwa dawa maalumu. Yakiwa mazito, tunafunika kwa dawa ya kuzibia yenye rangi ya jino. Mambo ya kung'arisha na kuvalisha magamba ya bandia yasubiri awe mtu mzima. Vishimo viangaliwe mapema, chakula hukwama humo na jino likaoza.

Mdogo wake, weupe wa meno ya utoto usikutulize sana. Ya kaka yake nayo yalikuwa meupe. Meno ya kudumu ya mbele hujijenga tangu uchanga mpaka miaka minne au mitano hivi, kwa hiyo kuhama mapema kumemsaidia, ingawa alama kidogo zinaweza kuja. Dawa ya mswaki yenye floraidi wote waendelee nayo, inazuia kuoza. Huyo mdogo mpe kiasi cha punje ya mchele, akifika miaka mitatu punje ya mbaazi, na umfundishe kutema.

MamaIddi, Mtwara
Mungu awabariki. Mkaa sitautumia. Jumatatu tunakwenda hospitali ya Ligula, na mwalimu wake nitamwona kesho. Tabibu, nibebe nini?

TabibuMeno_Lindi
Kadi yake ya kliniki kama bado unayo. Na uwaambie alikunywa maji ya wapi, ya bomba au ya kisima, mpaka akiwa na umri gani.