Mjadala: Je, kipimo cha protoni kisichogundua kani mpya ni fedha ya umma iliyopotea?

Mleta mada

Wadau, kila matokeo ya maabara ya chembe yanapotoka nakutana na hukumu ile ile: wamezipiga protoni, chembe za kwenye kiini cha atomu, miaka yote hii, kani mpya hawakuiona, kwa hiyo fedha za walipa kodi zimeliwa bure. Mfano unaotajwa sana ni Qweak, jaribio lililofanyika Jefferson Lab, Virginia, Marekani. Lilikusanya data kati ya 2010 na 2012, na matokeo kamili yakachapishwa 2018. Lilipima chaji dhaifu ya protoni, yaani jinsi protoni inavyoitikia kani dhaifu, ile inayosababisha mnunurisho wa beta, aina mojawapo ya mionzi ya kiini cha atomu. Jibu lilikuwa 0.0719, na shaka ya 0.0045 juu au chini. Nadharia tuliyonayo, Modeli Sanifu, ilikuwa imetabiri 0.0708. Vimeoana, na hapo ndipo wengi hufunga ukurasa.

Napinga hukumu hiyo, na sitawaahidi kwamba kesho kipimo hiki kitatuletea kifaa cha mfukoni. Hoja yangu ni kwamba huwezi kuitambua kani mpya kama hujui kilichomo ndani ya protoni.

Tazameni kwanza kazi yenyewe. Kuna chupa ya hidrojeni ya kimiminika yenye urefu wa sentimita 34 hivi, baridi ya karibu nyuzi 253 chini ya sifuri. Mwale wa elektroni unapita katikati yake. Spini za elektroni hizo, yaani mzunguko wa asili ambao kila elektroni huwa nao, zimeelekezwa upande mmoja, kisha zinageuzwa upande wa pili, mara 960 kwa sekunde. Kani ya sumakuumeme haijali spini imeelekea wapi, lakini kani dhaifu inabagua kushoto na kulia. Kwa hiyo idadi ya elektroni zinazorushwa pembeni hubadilika kidogo kila spini zinapogeuzwa. Kidogo kiasi gani? Kwa kila elektroni bilioni 1, tofauti ya makundi mawili ni takriban 226.

Sasa mwale ukisogea kidogo tu kila spini inapogeuka, unaweza kupata tofauti ya uongo inayoifunika ile ya kweli. Wakawa wanaingiza kipande maalumu kwenye njia ya leza inayozalisha elektroni, ili alama ya tofauti ya kweli igeuke huku kasoro nyingi za mwale zikibaki vilevile. Juu ya hayo wakaficha namba ya siri ndani ya data, ikafunuliwa uchambuzi ulipokwisha, ili mtu asilisukume jibu kuelekea anakotamani. Mimi ninaposoma habari ya watu waliojifunga mikono namna hiyo, jibu lao naliheshimu hata kama halina kishindo.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, ustadi wao sina ubishi nao. Ubishi wangu ni kipaumbele. Chembe ya Higgs, inayohusishwa na masi za chembe nyingine, ilionekana 2012 kwenye LHC, mtambo wa kugonganisha protoni wa maabara ya CERN huko Ulaya, pete ya kilomita 27. Ukitaka kitu kipya, ongeza nishati ukizalishe, ukione. Vipimo hivi vyembamba vinatoa fununu tu, na fununu huyeyuka. Tazama nguvu ya sumaku ya muoni, chembe iliyo kama elektroni nzito: miaka 20 tunaambiwa huenda kuna kani mpya. Mwaka 2025 maabara ya Fermilab, Marekani, wakatoa kipimo chao cha mwisho, shaka ya sehemu 127 kwa bilioni, kazi nzuri mno. Lakini wakati huohuo hesabu ya nadharia ilikuwa imebadilika, na pengo likafifia. Heri fedha hizo ziende kwenye pete mpya ya kilomita 91 inayopendekezwa na CERN.

Mleta mada

Umenigonga pazuri, na nakubali: habari ya muoni inauma. Ila angalia ni wapi palipolegea. Kipimo kilisimama imara tangu mwanzo. Kilichoyumba ni hesabu ya mchango wa kani kali, ile inayozifunga pamoja kwaki, vipande vinavyounda protoni, na gluoni, chembe zinazobeba kani hiyo. Hatukuwa tunaijua vya kutosha, na huo ndio ujinga ninaosema lazima uondolewe kwanza.

Mitambo mikubwa nayo haijapona. Mwaka 1996 jaribio la CDF, hukohuko Fermilab, liliona migongano mikali ya protoni na antiprotoni ikizidi idadi iliyotarajiwa. Watu wakaanza kuuliza kama kwaki nazo zina vitu vidogo zaidi ndani. Baadaye ikaonekana kwamba ziada ile inaelezeka ukirekebisha makadirio ya gluoni ndani ya protoni. Mwaka 2001 NuTeV, jaribio la neutrino (chembe nyepesi mno zisizo na chaji), lilitoa namba iliyotofautiana na Modeli Sanifu. Sehemu kubwa ya mabishano yaliyofuata ilihusu mpangilio wa kwaki ndani ya nukleoni za shabaha, yaani protoni na nyutroni, mfano kama kwaki za ajabu (aina mojawapo ya kwaki) na antikwaki zake, wenzake wa chaji kinyume, zimegawanyika sawa.

LHC hugonganisha magunia mawili yaliyofungwa, yaani protoni mbili, ndugu yangu. Usipojua gunia limebeba nini, kila punje itakayoruka utaiita mpya. Hata pete ya kilomita 91, itakapofika zamu ya kugonganisha protoni, itakuwa inagonganisha magunia yale yale.

Mchangiaji wa pili

Nakazia hoja ya gunia, lakini lugha ya matangazo ndiyo inayowaponza. Ukimwambia mlipa kodi unasaka kani mpya, atakuuliza iko wapi. Mwambieni ukweli kwamba protoni haijaeleweka. Masi za kwaki zake tatu ukizijumlisha hazifiki hata asilimia 2 ya masi ya protoni. Masi iliyobaki inatokana na nishati ya kwaki na gluoni humo ndani. Jaribio la EMC kule CERN lilionyesha mwishoni mwa miaka ya 1980 kwamba spini za kwaki hubeba sehemu ndogo tu ya spini ya protoni. Swali hilo peke yake linatosha kuombea fedha.

Nina swali pia. Kama protoni inachafua kipimo, kwa nini wasigonge elektroni kwa elektroni?

Mleta mada

Kuhusu lugha, nakubaliana nawe kabisa. Nami nimekuwa nikiitumia vibaya.

Swali lako lina jibu linalojengwa sasa hivi: jaribio la MOLLER, hapohapo Jefferson Lab. Elektroni za mwale zinagonga elektroni za hidrojeni, kwa hiyo sehemu kubwa ya uchafu wa protoni inaondoka. Tofauti wanayoitafuta ni kama 33 kwa bilioni, nao wanataka kuipima kwa shaka isiyozidi asilimia 2.4. Ni ndogo mara saba hivi kuliko ile ya Qweak.

Lakini MOLLER ina upofu wake. Kani inayozigusa kwaki na elektroni kwa pamoja, bila kuzigusa elektroni zenyewe kwa zenyewe, itapita mbele yake isionekane. Hiyo utaitafuta kwenye shabaha yenye kwaki, kama protoni, na Qweak, kwa mwale wa nishati ndogo ya gigaelektronivolti 1.16, imekwisha kuibana hadi viwango vya nishati vya teraelektronivolti kadhaa, ambapo kila moja ni gigaelektronivolti 1,000. Anayesema tuchague kimoja atuambie kwanza yuko tayari kuacha kani ipi isitafutwe.