Naomba ushauri: makato ya mshahara mafuta ya alizeti yakipungua

Habari za kazi wakuu. Ni kiwanda kidogo cha kukamua alizeti, Kibaigwa mkoani Dodoma, wafanyakazi 14, zamu mbili. Ukutani tumeandika "Uaminifu kwanza", lakini mafuta yakipungua msimamizi anagawa hasara kwa zamu nzima na kukata mishahara. Matokeo yake watu wanafichiana. Mashine ikikamua vibaya hakuna anayesema, maana kusema ni kujitia kitanzi.

Kisheria hilo halikubaliki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inataka hasara itokane na kosa la mhusika, aandikiwe chanzo, kiasi na hesabu yake, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara.

Tena upungufu si lazima uwe wizi. Gunia la mbegu la kilo 60 tunalitegemea litoe lita 16 hivi za mafuta. Mbegu zikiwa na unyevu, au skurubu kuu ya mashine inayokamua ikiwa imelika, mafuta yanabaki kwenye mashudu (makapi ya mbegu zilizokamuliwa). Ukiyafinya mashudu yakakuacha vidole vinang'aa, basi mwizi ni mashine.

Tunataka kufuta makato ya jumla. Watu wawili wapime mbegu, mafuta na mashudu kila mwisho wa zamu, wasaini daftari moja. Wenye uzoefu: upotevu wa kwenye chujio mnauhesabu vipi? Bonasi iwe ya kiwanda kizima? (Ya zamu naona italeta kuibiana magunia.) Na msimamizi huyu, mtu mzima, aelezwe vipi bila kuvunjiwa heshima mbele ya vijana?