Karavani kutoka Adelaide hadi Uluru mwezi Julai: uzito, maji, na je, turudi kwa Oodnadatta?

Mzaramo_Kusini

Wakuu, habari za majukumu. Tuko marafiki wanne hapa Adelaide, tunapanga kwenda Uluru, ule mwamba mkubwa wa katikati ya Australia, na kurudi, wiki mbili, likizo ya shule ya Julai. Gari ni Toyota Prado 150 ya dizeli. Karavani ni ya kuazima, futi 18, ekseli moja, na mwenyewe anasema ni ya lami. Bati lake limeandikwa Tare 1,750 (kilo zake ikiwa tupu) na ATM 2,200 (kilo za juu kabisa ikiwa imepakiwa). Prado inaruhusiwa kuvuta kilo 3,000, kwa hiyo upande wa uzito naona tuko salama.

Naomba msaada kwenye haya: mafuta na maji tubebe kiasi gani, spea zipi ni za lazima, na kuna mwenzetu anashikilia turudi kwa Oodnadatta Track, ile barabara ya changarawe, ili tuone ziwa Kati Thanda. Mwingine kati yetu ana Corolla, anataka kuja nayo. Sisi tunaona ni kuongeza gharama bure.

---

FundiTela

Mkuu, hiyo 3,000 isikupe usingizi. Ni uwezo wa kuvuta tu, haisemi gari lenyewe limebeba nini. Tazama GVM, uzito wa juu kabisa wa gari likiwa na watu, mafuta, mizigo na kile karavani inachokandamiza nyuma. Prado 150 nyingi za dizeli ni 2,990. Tangi likijaa, bila mtu ndani, chukulia 2,350. Inabaki 640.

Sasa toa. Watu wanne wa kilo 80 ni 320. Ulimi wa karavani, kile chuma cha mbele kinachofungwa kwenye gari, hulalia gari kwa takriban asilimia 10 ya uzito wa karavani, yaani 220, na hizo zote ni mzigo wa gari. Zimebaki 100. Kama mbele mmefunga bampa la chuma kwa ajili ya kangaruu, toa tena 60 hivi. Kilo 40! Humo mnataka kuweka mabegi ya watu wanne, friji, vifaa na dumu la mafuta. Mtakuwa mmezidisha kabla hamjatoka getini, na ajali ikitokea bima itakuwa na pa kushikia.

Ndiyo maana Corolla naiona ni akili, si hasara. Watu wawili na mabegi yao wakihamia huko, Prado inapata nafuu ya kilo 200. Stuart Highway, barabara kuu ya kwenda kaskazini, ni lami mwanzo hadi mwisho, Lasseter Highway ya kuingia Uluru nayo ni lami. Gari dogo linafika bila shida.

Kwenye karavani mna 450 za kuchezea, ila Tare haihesabu maji wala gesi. Tangi mbili za lita 90 zikijaa ni kilo 180, gesi ya mitungi miwili ni 18. Zinabaki 252 za vyombo, matandiko, chakula, viti, turubai na betri ya ziada kama mwenyewe aliifunga baada ya kununua. Zinaisha haraka kuliko unavyodhani.

Msikadirie, nendeni kwenye mizani ya umma mkiwa mmepakia kila kitu. Pimeni mara tatu. Kwanza magurudumu ya gari peke yake, karavani ikiwa imefungwa: isizidi GVM. Pili magurudumu ya karavani, bado imefungwa. Tatu karavani imefunguliwa, imesimama yenyewe na gurudumu lake la mbele: isizidi 2,200. Namba ya tatu ukitoa ya pili unapata uzito wa ulimi. Ukikuta chini ya asilimia 8, hamisheni mizigo mbele kabla ya kusogea hata mtaa mmoja.

Vizito vyote viwe chini, karibu na ekseli. Nyuma kabisa pasiwe na kitu: baiskeli, jenereta na madumu kwenye bampa la nyuma ndivyo vinavyoanzisha karavani kuchezesha mkia.

---

Nyika_Perth

FundiTela amesema ya mizigo, mimi naingia kwa breki na tairi.

Karavani ya uzito huo ina breki za umeme, na Prado lazima iwe na kidhibiti chake ndani, karibu na dereva. Kuiseti: tafuta barabara tambarare isiyo na magari, enda 40 km kwa saa, usiguse breki ya mguu, finya ile ya mkono kwenye kidhibiti. Ikivuta kidogo sana, ongeza. Magurudumu ya karavani yakifunga, punguza kidogo. Rudia ukishapakia, kwa sababu setingi ya karavani tupu haifai karavani iliyojaa.

Karavani ikianza kuyumba, usikanyage breki ya gari na usipigane na usukani. Toa mguu kwa mafuta, shika usukani sawa, finya breki ya karavani peke yake. Breki ya gari inafanya karavani isukume kutoka nyuma na mambo yanaharibika zaidi. Kinachoanzisha ni mwendo, ulimi mwepesi na upepo wa lori. Limiti ni 110 jimbo la South Australia na 130 kwenye Stuart ndani ya Northern Territory, lile eneo lenye Uluru, lakini hiyo si ya mtu anayevuta. 90 inatosha, na mafuta utaona tofauti.

Malori ya matrela huko yanafika urefu wa mita 53.5. Likija nyuma yako, baki kwa leni yako, mwendo uleule, na ukiona limeanza kupita legeza kidogo limalize upesi. Usiingie kwa bega la changarawe kulipisha. Gurudumu moja kwa lami na lingine kwa mchanga ndivyo karavani hulala. Nunueni redio mbili za UHF za kuongea gari kwa gari, moja kila gari. Malori yako chaneli 40, wenye karavani hutumia 18, na 5 na 35 ni za dharura pekee, msipige stori hapo. Corolla ikitangulia inaweza kuwaambia wa nyuma kama mbele kuko wazi.

Tairi sasa, na hapa ekseli moja inanipa wasiwasi. Kilo 2,200 ukitoa ulimi 220 ni 1,980 juu ya tairi mbili tu, 990 kila moja. Angalia namba ya uwezo kwa ubavu wa tairi: 108 ni kilo 1,000, 107 ni 975. Ukikuta 104 au 106, hiyo karavani haiendi kokote ikiwa na mzigo wa ATM. Angalia pia tarakimu nne za mwisho za DOT, alama ya ubavuni inayoonyesha tairi ilitengenezwa lini: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Karavani hukaa uani miaka, kashata za tairi bado nzima lakini mpira umekauka ndani. Ikipita miaka sita badilisha, na ya spea pia.

Upepo pima asubuhi tairi zikiwa baridi, kisha baada ya saa moja ya mwendo. Ukipanda psi 4 kwa tairi za kawaida au 6 kwa za mzigo, uko sawa. Ukipanda zaidi ya hapo, upepo ulikuwa mdogo au mzigo ni mwingi, na tairi inajipika.

Beringi: kila mnaposimama, gusa habu zote mbili, pale katikati ya gurudumu. Joto linalolingana si neno. Moja ikiwa ya moto hadi huwezi kuacha mkono, ni beringi imeanza kufa au breki inagusa. Mwulize mwenye karavani mara ya mwisho ilitiwa grisi lini. Mwaka mmoja au kilomita 10,000 ndio mwisho. Beba seti kamili: beringi ya ndani na ya nje pamoja na vikombe vyake, sili, pini ya kukunja na grisi. Hapa Australia karavani nyingi hutumia aina ya LM au SL, na zote mbili hazibadilishani, kwa hiyo hakikisha yako kabla hujanunua. Roadhouse, vile vituo vya mafuta na chakula vya njiani, inaweza kukuuzia pai na dizeli, beringi usitegemee.

Jeki ya gari mara nyingi haiinui karavani, ijaribuni nyumbani. Nati za magurudumu kaza tena baada ya kilomita 50 na 100 kila mara gurudumu likishatolewa.

---

Bi_Kambi

Wanangu, mmepewa vyuma, mimi nasema ya ndani.

Maji ya kunywa ni lita 5 kwa mtu kwa siku, nyinyi wanne lita 20. Kwa njia hiyo hamhitaji kubeba lita 180 tangu Adelaide, jazeni tangi moja, ile iliyo karibu zaidi na ekseli. Lakini lita 40 ziwe kwenye madumu ndani ya magari, kando na tangi. Jiwe moja likipasua bomba chini ya karavani, tangi linamwagika lote na hamtajua mpaka jioni. Coober Pedy, mji wa opali ulio njiani, maji huuzwa kwa mashine ya sarafu, wekeni chenji.

Friji ya karavani kama ni ile ya njia tatu (gesi, umeme wa gari, umeme wa kambi), mkiwa barabarani iwe kwenye umeme wa gari na gesi ifungwe kwenye mtungi wenyewe. Kuingia kituo cha mafuta na moto wa friji unawaka ni kutafuta balaa. Kwenye umeme wa gari hula ampea 10 hadi 15 au zaidi, kwa hiyo mkizima injini bila kuihamisha, betri inaisha kabla chai haijachemka. Mkifika, karavani isawazishwe kwanza ndipo friji iwashwe kwa gesi, ikiinama haipozi.

Watu wakisikia jangwa wanabeba kaptula. Julai mchana ni kama digrii 20, usiku Uluru na Alice Springs huweza kushuka chini ya sifuri. Mpira wa maji wa nje huganda, basi jazeni birika na sufuria kabla ya kulala. Jiko la gesi lisitumike kupasha chumba hata dakika tano. Vaeni, jifunikeni.

Matunda na mboga mbichi mtakazonunua Northern Territory zimalizeni Kulgera, kituo kilicho karibu na mpaka, wakati wa kurudi. South Australia inalinda mashamba yake dhidi ya nzi wa matunda na mengi hayaruhusiwi kuvuka mpaka. Choo humwagwa kwenye sehemu maalumu tu, si porini.

---

Ramani_Mkononi

Njia kwa kilomita, za kukadiria: Adelaide hadi Port Augusta 310, Pimba 173, Glendambo 113, Coober Pedy 254, Marla 234, Kulgera 180, Erldunda 74, kisha kushoto hadi Yulara, mji wa wageni jirani na Uluru, 247. Jumla ni karibu 1,585 kwenda tu. Pengo la kuangalia ni Glendambo hadi Coober Pedy, katikati hakuna mafuta. Prado ikivuta itakula lita 16 hadi 20 kwa kilomita 100, upepo wa mbele ukikaza 22. Tangi la Prado 150 lenye lita 150 linamaliza pengo hilo bila wasiwasi. Corolla nayo ijazwe Glendambo. Jazeni kila mji hata kama geji iko nusu, kwa sababu kituo kikiishiwa au mtambo ukigoma, kinachofuata kiko mbali.

Jua likielekea kuzama muwe mmeshaegesha. Mashamba mengi hayana uzio, na ng'ombe mweusi usiku humwoni. Mchana angalieni tai wanaokula mizoga: wakishashiba huruka taratibu, na huja moja kwa moja kwenye kioo.

Oodnadatta Track kutoka Marla hadi Marree ni kilomita 620 hivi za changarawe na mikunjo kama ya bati. Karavani ya lami itafunguka skrubu, kabati zitaanguka, na vumbi litaingia hadi kwenye sukari. Mvua ikinyesha barabara hufungwa, na anayepita kwenye kibao cha kufungwa hutozwa faini kubwa. Kwa vyombo vyenu jibu ni hapana. Mwenye hamu ya ziwa afanye hivi: karavani na Corolla zibaki kambi ya Coober Pedy, Prado iende William Creek, kilomita 166 za changarawe, upepo wa tairi umeshushwa hadi psi 28 na mwendo usizidi 80. Kutoka William Creek kuna ndege ndogo zinazozungusha watu juu ya Kati Thanda. Ukiwa chini huoni mengi. Asubuhi hiyo angalieni taarifa ya serikali ya hali ya barabara.

Yulara ina kambi moja tu, na likizo ya shule hujaa mapema. Kama hamjalipia nafasi, fanyeni leo. Ikishindikana, Curtin Springs iko kilomita 85 kabla yake. Ndani ya hifadhi ya Uluru hairuhusiwi kulala. Pasi ya kuingia ni dola 38 kwa mtu mzima, siku 3. Kupanda mwamba kumefungwa tangu 26 Oktoba 2019. Kuzunguka chini yake ni kilomita 10.6, na kuna sehemu takatifu za Waanangu, wenyeji wa asili wa hapo, ambazo vibao vinakataza kupiga picha. Viheshimuni.

---

Mzaramo_Kusini

Asanteni sana wakuu, na Bi Kambi shikamoo. Corolla inakuja, Oodnadatta tumeifuta, na kesho naangalia zile namba za tairi. Moja limebaki: simu. Tunaweza kulala pembeni mwa barabara huku hakuna mtandao?

---

Ramani_Mkononi

Kulala kwenye maeneo ya mapumziko yenye vibao, ndiyo, mradi kibao hakikatazi. Usiingie porini kati ya Pimba na Coober Pedy: barabara inapita ndani ya eneo la majaribio ya kijeshi la Woomera, na ruhusa ya msafiri ni ya kupita barabarani tu. Karibu na Coober Pedy kuna mashimo ya opali yasiyo na uzio, kwa hiyo hata mchana msirudi nyuma mkipiga picha.

Simu: laini ya kampuni ya Telstra hushika zaidi, na bado ni mijini na karibu na vituo tu. Nunueni au kodini PLB ya 406 MHz, kifaa kidogo cha kuita waokoaji kwa satelaiti. Haina malipo ya mwezi, na kuisajili kwa AMSA, mamlaka ya usalama wa baharini ya Australia, ni bure. Andikeni namba za magari yote mawili na tarehe za safari. Mwisho wa betri umeandikwa kwenye kasha, angalieni kabla ya kulipa. Ikae kwenye mlango wa dereva wa Prado, isiwekwe kwenye droo ya karavani.

---

Bi_Kambi

Marahaba mwanangu. Na karatasi ya wapi mtalala kila usiku mwachieni mtu Adelaide, aambiwe saa ngapi akikosa ujumbe apige 000, namba ya dharura.