Tupeane uzoefu: waliowahi kufanya mafungo au semina abasia ya Peramiho

Wakuu, habari zenu. Nimetoka Peramiho, karibu na Songea, juzi, mafungo (siku za sala na ukimya) ya siku tatu kwenye abasia, yaani monasteri, ya wamonaki Wabenediktini. Aliyewahi kulala kule, kwa sala au kwa mkutano, atusimulie.

Mimi nilikwenda mwezi mmoja baada ya kumzika mama. Hata sala ya Baba Yetu ilikuwa hainitoki mdomoni. Kengele ikalia alfajiri giza bado nene, nikajikokota hadi benchi la nyuma. Wamonaki wanaimba zaburi kwa kupokezana, na katikati ya kila mstari wananyamaza kidogo, wanavuta pumzi. Sikuimba. Nilivuta pumzi pamoja nao tu. Siku ya tatu nikalia, kisha nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu msiba.

—

Pole sana ndugu. Mimi nilikwenda kwa semina ya walimu. Semina za mjini kila mtu yuko mlangoni na simu. Kule tulimaliza ajenda ya siku mbili kwa siku moja na nusu.

—

Mimi ni Mngoni, na naomba niseme lililokuwa kifuani. Misheni ile ilianza 1898, ikachomwa 1905 kwenye Vita vya Majimaji. Waliochoma ni babu zetu. Februari 27, 1906 Wajerumani wakanyonga wazee wetu 67 pale Songea. Sasa mimi mjukuu nakwenda kufunga na kusali palepale? Usiku wa kwanza sikulala.

Nikamweleza padre aliyetuongoza. Hakukimbilia kunijibu. Alichukua karatasi akaniuliza majina ya wazee wa ukoo wetu ninaowajua. Nikamtajia saba, mengine nikampigia shangazi kuuliza. Kesho yake kwenye Misa akayasoma yote, polepole, akitamka vizuri. Sijawahi kusikia jina la babu mzaa babu likitajwa kanisani.

—

Mie ni Muislamu, nilimpeleka mke hospitali ya misheni, nikapata chumba nyumba ya wageni. Bruda wa mapokezi aliuliza kwanza nisichokula, halafu akanionyesha upande wa kibla. Baadaye nikaambiwa kanuni ya Mtakatifu Benedikto inaagiza mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe. Nilipokewa hivyo.

—

Mngoni, ahsante, umenigusa mno. Kwa mnaouliza: toeni taarifa mapema kabla ya kwenda, na kama ni Juni au Julai bebeni sweta nzito.