Nimelipa milioni moja na laki nane kupandishwa daraja kwenye meli ya utalii, nikapewa "suiti" ambayo siyo suiti. Msilipe kabla hamjasoma hapa

Wakuu habari zenu, nawasalimu kutoka Mbeya, Mwanjelwa. Mi siyo muandikaji, huwa nasoma tu napita, ila leo nina hasira siwezi kulala nayo, maana jana nimeona wakala yule yule aliyetuuzia safari karusha tangazo kwenye magrupu ya akina mama wa vikoba hapa mjini, "suiti kwa bei ya balkoni, lipia mapema nafasi chache" (suiti ni chumba kikubwa cha daraja la juu, balkoni ni chumba chenye kibaraza cha kutazama bahari), na kuna watu ninaowafahamu kabisa wameshaanza kuchanga.

Mwaka huu mimi na mume wangu tumetimiza miaka 25 ya ndoa. Mi nauza nguo, Dubai naenda kufuata mzigo Deira, nimeshapazoea, yeye hajawahi kufika. Watoto wakasema mama safari hii usiende kuburuza mabegi, mpeleke baba mkapumzike. Tukapata safari ya siku saba, meli inaanzia Dubai, inapita Doha, Bahrain, Abu Dhabi na kile kisiwa cha Sir Bani Yas, inarudi Dubai. Kampuni na wakala siwataji kwa sasa maana suala langu bado liko mezani kwao.

Tulilipia chumba cha balkoni cha kawaida. Hicho chumba nilikichagua mwenyewe kwenye ramani ya meli, nilikaa na simu usiku mzima nakuza na kupunguza, deki ya 9, yaani ghorofa ya tisa, katikati kabisa ya meli, juu yake vyumba, chini yake vyumba. Nilikuwa na sababu. Mume wangu hana tumbo la maji. Mwaka fulani tulitoka Kiwira kule Kyela kwenda Mbamba Bay, Ziwa Nyasa likachafuka, kabla hata hatujafika Lupingu mzee alikuwa amelala chali hajui jina lake. Na meli ndo zilivyo, ni kama ule ubao watoto wanaokalia huku na huku, ukikaa katikati hausikii sana, ukikaa mwisho ndo unapandishwa na kushushwa, na ukiwa juu ndo unayumba zaidi ya aliye chini. Kwahiyo deki ya 9 katikati, nikaridhika, nikalipa, nikatulia.

Wiki tatu kabla ya safari ikaja imeili. Hongera, umechaguliwa kutoa ofa ya kupandishwa daraja, yaani kama mnada, unataja bei yako, wakiikubali wanakuhamishia chumba cha daraja la juu. Ukifungua unakuta picha ya chumba kikubwa, kitanda kimetandikwa mashuka meupe, bafu la kujilaza, na chini kuna sehemu ya bei unasogeza kwa kidole, kimshale kinatoka kwenye nyekundu kwenda kijani, kinakwambia ofa yako dhaifu, ofa yako nzuri, ofa yako nzuri sana. Nikasogeza mpaka dola 350 kikafika kwenye kijani. Nikampigia wakala, nikamuuliza dada hii vipi, inafaa? Akanijibu, na neno lake nalikumbuka hivi hivi: "Mama suiti ni suiti, utahudumiwa kama malkia, una mhudumu wako mwenyewe, una launji yako, mgahawa wenu peke yenu, weka tu hiyo hela." Launji ni ukumbi wa kupumzikia wa watu wa suiti tu. Nikaweka. Hela yenyewe ilikuwa ya mzigo, siyo ya starehe, nilijisemea miaka 25 haiji mara mbili.

Siku nne baadaye, saa tano usiku, meseji ya benki inaingia. Dola 700.

Nikadhani wamekata mara mbili kwa makosa. Kumbe ile 350 ni kwa kichwa! Mlio wawili zidisha mbili. Imeandikwa, sikatai, nimerudi nikaitafuta nikaiona, maandishi madogo ya kijivu chini ya kitufe. Wakala namuuliza mbona hukuniambia ananijibu "mama kwenye meli kila kitu ni kwa kichwa". Na kwamba ningeweza kuifuta ile ofa muda wowote kabla hawajaikubali, lakini ikishakubaliwa hairudi, hilo nalo nimelijua hela ikiwa imeshaondoka. Wewe ndo kazi yako, mimi kazi yangu magauni, si ndo maana nilikupigia?

Na jambo lingine ambalo watu hawaambiwi, ukiingia kwenye huu mnada chumba huchagui. Unapandishwa daraja, basi, wanakuweka popote palipobaki. Deki yangu ya 9 waliichukua wakampa mtu mwingine siku hiyo hiyo. Sisi tukapewa deki ya 14, mbele kabisa. Mbele na juu. Yaani kila nilichokikwepa kwa makusudi, nimelipa milioni moja na laki nane kukifuata.

Siku ya kupanda meli sasa. Pale bandarini kuna mistari miwili, mmoja mrefu wa watu wote, mwingine mfupi una kapeti na kibao cha suiti. Mume wangu ni mwalimu mstaafu, alikuwa amevaa koti lake alilovaa kwenye sendoff ya binti yetu, kalipiga pasi mwenyewe hotelini. Tukaenda mstari wa kapeti. Kijana akachukua karatasi zetu akaangalia, akaangalia tena kwenye skrini, akasema kwa upole kabisa, samahani, chumba chenu ni suiti ndogo, haiingii kwenye huduma za suiti, mstari wenu ni ule. Watu wako nyuma yetu wanasubiri. Mzee akakunja karatasi akaziweka kwenye mfuko wa ndani wa koti, hakusema neno, tukarudi tukashika mkia wa foleni, saa nzima na dakika. Mi ile sauti ya "mstari wenu ni ule" bado iko masikioni.

Kwahiyo wakuu shikeni hili vizuri, kwenye hizi meli kuna suiti na kuna kitu kinachoitwa suiti. Ile ndogo, wengine wanaiita ya junia, wengine ya mini, mara nyingi ni chumba cha balkoni kilichoongezwa upana, basi. Mhudumu binafsi, launji, mgahawa wa pekee, kushuka kwanza bandarini, hivyo vinaanzia daraja la juu yake. Kuna meli wanakupa kidogo, kuna meli hawakupi chochote. Jina moja, vitu tofauti, na aliyekuuzia anajua. Usiku wa kwanza nilijaribu mlango wa ile launji, nikagusisha kadi, taa nyekundu. Nikagusisha tena nikidhani nimekosea upande. Nyekundu.

Chumba chenyewe nisiseme uongo, kilikuwa kikubwa. Sofa ipo, bafu la kujilaza lipo, balkoni unaweka viti viwili na meza mnanyoosha miguu. Lakini juu ya dari yetu ndo ulikuwa mgahawa wa bafe. Saa kumi na moja alfajiri wafanyakazi wanaanza kupanga meza, viti vinaburutwa, krrrr, krrrr, kimya kidogo, unasema wamemaliza, krrrr. Halafu vitoroli vya sahani. Kila siku, siku saba. Nikaenda mapokezi mara tatu, jibu ni lile lile, meli imejaa hakuna pa kuwahamishia, na nikiuliza chumba changu cha deki ya 9 wananiambia kina mtu.

Usiku wa kwenda Doha ukavuma ule upepo wa kaskazini-magharibi wanaouita shamali. Ghuba siyo bahari ya mawimbi makubwa kwa kawaida, ndo maana niliichagua, lakini huo upepo ukiamka unaamka. Mume wangu usiku ule alilala sakafuni bafuni, mkono mmoja kashika ukingo wa lile bafu tulilolilipia, mi nampepea na kanga. Asubuhi kwenye lifti tukakutana na mama mmoja Mkenya yuko deki ya 8 katikati, tukamuuliza umelalaje, anatushangaa, anasema aliona tu maji yanacheza kwenye glasi.

Mwisho wa safari inakuja bili. Hela ya wahudumu inayokatwa kila siku kwa kila mtu, kumbe ya suiti ni kubwa kuliko ya balkoni. Dola nne zaidi kwa mtu kwa usiku, piga mara mbili piga mara saba, dola 56. Kwenye huduma sisi siyo suiti, kwenye kukatwa sisi suiti. Hapo ndo nilipolia wakuu, siyo kwa ajili ya dola 56.

Sasa nimerudi nimekaa nimepiga hesabu kama ninavyopiga ya duka. Safari ya siku saba, bandari nne ukiacha Dubai, siku ya kukaa baharini tu ilikuwa moja. Saa tatu asubuhi tuko nje, tunarudi saa kumi na moja, saa kumi na mbili jioni, tunaoga, tunakula, kuna muziki ukumbini, tunalala. Chumbani tukiwa macho haikuzidi masaa mawili kwa siku. Chakula tulichokula ni kile kile cha aliyelipia chumba kisicho na dirisha, ukumbi ule ule, bwawa lile lile, Doha ile ile. Nimelipa kwa masaa kama kumi na nne ya kukaa kwenye sofa.

Linganisha na treni ya Tazara. Nimepanda Tazara tangu binti, Mbeya mpaka Dar unakaa humo karibu siku nzima na usiku, huna pa kwenda, chumba ndo maisha yako, hapo tofauti ya daraja unaiona mpaka kwenye mgongo. La kwanza vitanda vinne, la pili sita, kila mtu stesheni anajua. Na wanaume chumba chao wanawake chao, mke na mume mkitaka kulala pamoja mnanunua chumba kizima vitanda vyote vinne, na unaambiwa dirishani kabla hujatoa hela. Tumeshanunua hivyo, tukalipa vitanda vinne tukalala wawili, na sikuwahi kulalamika hata siku moja kwa sababu nilijua ninachonunua. Huko watu wanasema treni ya kizee, lakini hakuna aliyeniuzia vitanda sita akaviita vinne.

Sisemi kupandishwa daraja ni ujinga siku zote. Kama unavuka bahari, kuna meli zinakaa siku sita saba majini bila kuona nchi, hapo chumba kizuri kina kazi. Kama una mgonjwa au mzazi mtu mzima anayeshinda ndani, kina kazi. Au kama ni suiti yenyewe na umeandikiwa kimoja kimoja unachopata. Lakini usiingie kwenye ule mnada wa kimshale kama umeshapata chumba mahali pazuri. Mwambie wakala aulize tofauti ya bei ya chumba chenye namba yake, ukitafute kwenye ramani, uangalie juu yake kuna nini, uzidishe kwa vichwa, uulize na hela ya wahudumu ni kiasi gani. Akishindwa kukujibu kwa maandishi acha hela yako benki.

Kampuni nimewaandikia mara mbili. Wamenijibu wanasikitika, wananipa punguzo la dola 100 nikisafiri nao tena ndani ya mwaka. Sitaki punguzo, nataka hela yangu, maana kunipa punguzo ni kuniambia nitoe nyingine kwanza. Wakala ndo kabisa, meseji anasoma hajibu, ila muda wa kurusha tangazo anao. Nina kila kitu, sauti zake za WhatsApp anaponiambia launji na mhudumu binafsi, risiti ya benki, picha ya ile taa nyekundu mlangoni.

Kama kuna mtu amewahi kupinga malipo ya namna hii kupitia benki yake aniambie alianzia wapi, aliambiwa alete nini, na ilichukua muda gani. Mume wangu anasema mama watoto achana nayo, yameshapita, tumerudi wazima. Namheshimu sana ila kwenye hili hapana. Kesho asubuhi naenda ofisini kwa yule dada na karatasi zangu zote nimeshazitoa kopi, na Jumamosi kuna vikoba viwili vinakaa, kimoja Soweto kingine Iyunga, nitapita kote kuwili, nitawasikilizisha zile sauti kabla hawajapeleka hela.