Tupeane uzoefu: kuku na bustani kwenye kiwanja kimoja, yalikukuta yapi?

Mama Matembele: Habari za asubuhi wadau. Huku Kimara nimeamka nikakuta tuta la mchicha halina hata shina. Jana komeo la banda halikufungwa, mitetea minne na jogoo wao wameparua mpaka samadi ya chini imekuja juu. Zilibaki siku tatu niung'oe, na wateja walishauagiza. Roho imeniuma. Mnaochanganya kuku na bustani, mnaishije?

Jogoo la Shamba: Pole sana mama. Kwangu matembele yanapona. Mchicha na mnafu hawabakishi.

Fundi Banda: Usiwafungulie asubuhi. Wape pumba bandani, watoke saa kumi jioni. Wanaokota viwavi na konokono, giza likiingia wanarudi wenyewe. Juu ya matuta tandaza nyavu kuukuu za uvuvi.

Tetea Mweusi: Nyavu zilininyongea tetea. Panda michongoma.

Fundi Banda: Michongoma ikue lini? Mwenzio anataka mchicha mwezi huu.

Dada wa Moro: Hilo komeo limenirudisha mbali. Mimi niko Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Masika ya mwaka juzi nilikuwa na kuku mwekundu analalia mayai 11, siku ya 18, zimebaki tatu aangue. Mvua ilinyesha tangu magharibi. Saa nane usiku nikamsikia anakoroma, ile sauti ya chini ya kuku anayefukuza mtu kiotani. Nikajua ni paka. Nikagonga bati kwa fimbo, kukawa kimya, nikarudi kulala. Mpaka leo sijajisamehe.

Saa kumi na moja natoka, miguu ikawaka moto. Kumulika, ukuta wa banda mweusi tii na unatembea. Siafu! Kuku wengine walisharukia juu ya paa. Yule mwekundu hakunyanyuka. Alikuwa amekaa vilevile, mbawa kazitandaza, macho hayapo. Nilipomwinua, mayai yote 11 yalikuwa bado na joto. Nikayafunga kwenye kanga, nikakimbia nayo kwa jirani mwenye mashine ya kutotolesha. Yakaanguliwa manne.

Mitetea Sita: Nimesoma mpaka nikanyanyuka kwenda kukagua banda langu. Pole dada.

Jogoo la Shamba: Pole sana. Zungushia banda majivu, upana wa kiganja.

Fundi Banda: Mvua ikinyesha majivu yanabaki? Banda liwe la miguu, kila mguu usimame kwenye kopo lenye oili chafu.

Mama Matembele: Oili chafu pembeni ya mboga ninazowauzia watu? Hapana kaka yangu. Labda maji na sabuni.

Mzee wa Migombani: Siafu usipigane nao. Fungua milango, toa kuku na watoto, wapishe. Wakiondoka hakuna panya wala mende aliyebaki. Sisi wa Kilimanjaro tumekua nao.

Dada wa Moro: Shikamoo mzee. Anayelalia mayai hatoki hata ukimfungulia mlango. Inabidi umbebe.

Mfugaji wa Tanga: Siafu ni usiku mmoja tu. Kideri kilinimalizia kuku 38 kwa siku nne. Shingo zimepinda, kinyesi cha kijani, nachimba shimo huku wengine wanaanguka.

Mti Dawa: Shubiri mwitu na pilipili kichaa kwenye maji. Miaka mitatu kuku wangu hawajaumwa.

Mfugaji wa Tanga: Mkuu, tafadhali. Kideri ni virusi, hakina dawa. Hakijapita mtaani kwako, basi. Hao 38 walikuwa wanakunywa hiyo hiyo shubiri! Sasa hivi nawachanja I-2, tone moja jichoni kila baada ya miezi 3, wakubwa kwa vifaranga.

Mti Dawa: Na waliochanja kuku wakafa?

Mama Pacha: Mimi ni mmojawapo. Nilinunua chanjo ya kuwekea kwenye maji ya kunywa, nikachota bombani. Klorini ikaiua chanjo. Tumieni maji ya kisima au ya mvua. Wanyimeni maji kwanza wapate kiu, wayamalize ndani ya saa mbili.

Mti Dawa: Hilo la klorini nimelichukua. Shubiri siachi.

Kijana wa Bamia: Jamani, na mbolea? Nimemwaga ya bandani mbichi, bamia zimeungua majani.

Bibi Tuta: Mjukuu wangu, mbolea ya kuku ni kali. Ilundike kivulini miezi mitatu, uwe unaigeuza. Ukiishika haina joto, imeiva.

Kijana wa Bamia: Asante bibi, shikamoo.

Mama Matembele: Dada wa Moro, wale vifaranga wanne wako wapi?

Dada wa Moro: Wawili walibebwa na mwewe. Jogoo tulimla Idi. Mtetea yupo, mwekundu kama mama yake, analalia mayai 9. Nimemhamishia jikoni.

Mama Matembele: Huku mvua imeanza. Natoka na tochi.